Udongo wa Handaki la Tatu

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
11 Februari 2025

Kwa Mwalimu mstaafu Kasmir,
Kijiji cha Lubwende,
Morogoro.

Shikamoo Mwalimu,

YAH: KUOMBA HISTORIA YA MGODI WA ULANGA, LUBWENDE

Leo ni Jumanne. Kabla sijaomba chochote, naahidi kukueleza kila kitu kunihusu bila kuficha, ili ujue anayekuandikia ni nani.

Naitwa Celina Onesphory. Nina miaka kumi na sita na nasoma kidato cha tatu. Kwetu ni Rombo, lakini nimezaliwa na kukulia hapa Kariakoo. Baba anauza sufuria, mabakuli na hotpoti kwa jumla na rejareja. Tumezaliwa watano na mimi ndiye wa mwisho.

Mwalimu wetu wa Historia ametupa kazi: kila mmoja aandike habari za mahali ambapo hajawahi kufika, kwa kumwuliza mtu anayepajua. Wenzangu wengi wamechagua Kilwa na Bagamoyo kwa sababu vitabu vipo. Mimi nimechagua Lubwende.

Jina la Lubwende nimelipata kwa jirani yetu, Mzee Umakant, anayeuza vipuri vya pasi na majiko ya umeme. Alinipa kipande cha ulanga, lile jiwe la kung'aa, chembamba kama ngozi ya kitunguu, akasema, "Shika, Celina. Hakiungui kwa moto, hakipitishi umeme. Marehemu baba yangu alikuwa analeta magunia kwa magunia kutoka Lubwende. Siku hizi tunaletewa kutoka nje, kimefungwa nailoni kama pipi." Nilikiweka juani nikauona mtaa mzima kupitia humo, watu wote wakiwa rangi ya chai.

Dada Blandina, anayeshusha karoti za kwenu kila Jumanne, ndiye aliyekutaja. Nilimwomba namba yako ya simu akacheka. "Mwalimu Kasmir ukimpigia anakata. Mwandikie, tena kwa mwandiko mzuri. Atakusahihisha kwa kalamu nyekundu hata kama hukumwomba." Amekubali kubeba barua zetu kwenda na kurudi.

Naomba unieleze mgodi ulianza lini na ulifungwa lini, mahandaki yalikuwa mangapi na milango yake iko wapi, waliofanya kazi walitoka sehemu gani za nchi, na kama wapo waliofia mgodini, majina yao.

Nakutakia afya njema.

Mwanafunzi wako wa mbali,
Celina Onesphory


Lubwende,
23 Februari 2025

Binti Celina,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka karoti. Nimeisahihisha na kuipa alama arobaini na moja kwa hamsini. Tisa nimezikata kwa sababu umeahidi kueleza kila kitu, lakini hukueleza kwa nini Lubwende. Kipande cha ulanga cha jirani si sababu.

Hata hivyo nimefundisha miaka thelathini na minane, na mwanafunzi anayeuliza hujibiwa.

Ulanga wa hapa ulianza kuchimbwa mwaka 1938. Mahandaki yalikuwa matano, yote upande wa juu wa kijiji. Wanaume walichimba, wanawake walipasua. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpasuaji. Walikaa bandani safu mbili, kila mmoja na kisu kifupi kilichonolewa pande zote mbili. Jiwe la ulanga lina kurasa kama kitabu. Unatia ncha ya kisu pembeni, unasikiliza, unafungua. Ukilazimisha linavunjika. Mpasuaji mzuri alitoa kurasa arobaini katika jiwe la unene wa kidole. Jioni wanawake walirudi nyumbani waking'aa mikono na nyusi. Hadi leo kuta za nyumba zetu za udongo zinang'aa jua likichomoza, na watoto wanaotembea peku wanalala na miguu inayometa.

Wafanyakazi walitoka hapa hapa Uluguru, na wengine Ubena na Unyamwezi. Serikali ilifunga mahandaki yote mwaka 1969 kwa sababu miamba ilikuwa imelegea. Kipande cha reli kilichoitia watu kazini ndicho kengele ya shule yetu.

Desturi zilizobaki ni chache. Wazee hawapigi mluzi karibu na mahandaki. Akina mama wakipita njia ya juu, mbele ya Handaki la Tatu, huvunja tawi bichi na kuliweka chini.

Hakuna mtu aliyefia mgodini.

Sasa nami nina maswali. Milango ya mahandaki inakuhusu nini katika somo la Historia? Na huyu jirani Umakant, bado ananunua ulanga?

Mimi,
Mwl. Kasmir


Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo.
4 Machi 2025

Shikamoo Mwalimu,

Asante sana. Nimeisoma barua yako mbele ya darasa na kila mtu akataka kujua jiwe linasikilizwaje.

Mzee Umakant hanunui ulanga wa huko. Nilipomwambia umemuulizia, alivua miwani. "Mimi? Na magoti haya nipande mlima? Mwambie Mwalimu nauza pasi, na pasi zenyewe haziuzwi." Ni mtu mzuri. Anatupa chai.

Mwalimu wetu ametufundisha kwamba msomaji wa historia anatazama mahali ambapo maneno hayakubaliani. Naomba usione kama nakukosea adabu. Umeandika kwamba hakuna aliyefia mgodini. Umeandika pia kwamba akina mama huweka tawi bichi mbele ya Handaki la Tatu. Kwa nini la Tatu tu, na si la Kwanza wala la Tano? Nilimwuliza Dada Blandina akiwa anapanga karoti. Alisema, "Mimi naweka kwa sababu mama aliweka." Nikamwuliza mama yake aliweka kwa sababu gani. Akanyanyua gunia ambalo halikuhitaji kunyanyuliwa, akasema, "We mtoto, umekuja kununua karoti au kunihoji?"

Jambo la pili, kuhusu wafanyakazi. Umetaja Ubena na Unyamwezi. Je, hakukuwa na mtu yeyote kutoka kaskazini? Labda fundi?

Jambo la tatu linatoka kwa baba. Anaomba udongo kidogo wa huko juu, karibu na mahandaki, kama kilo moja. Ukichanganyika na mawe madogo si neno. Ametoa mfuko mpya wa turubai, nimeuambatanisha na barua hii, na atamlipa Dada Blandina gharama ya kuubeba. Ikiwezekana, tafadhali andika kwenye mfuko udongo umetolewa handaki gani.

Mwanafunzi wako,
Celina


Lubwende,
16 Machi 2025

Binti,

Mfuko wenu naurudisha mtupu.

Mwaka 2014 alikuja kijana mpole, mwenye shikamoo nyingi kama wewe. Alisema anasoma chuo na anaandika historia. Tulimpa chumba, tukampa ugali, tukamwonyesha mahandaki yote matano. Siku ya kuondoka aliomba udongo kidogo, wa ukumbusho. Alichota kwenye makopo ya maziwa, akaandika juu ya kila kopo namba ya handaki. Mwaka haukuisha tukaona vigingi vya zege shambani kwa mama yake Blandina, na watu wenye karatasi wakisema mlima wote una leseni ya mtu tusiyemjua. Tulihangaika miaka sita mpaka vigingi vikang'olewa. Mama yake Blandina hakuiona siku hiyo.

Sasa wewe unauliza milango. Unataka udongo kwa kilo. Unataka uandikwe namba. Blandina anasema baba yako ana duka lenye ghorofa juu na watu wanne wanaompakulia mizigo, na kwamba mlango wa pili ni mtu ambaye baba yake alikuwa mnunuzi wa ulanga. Nimekaa na wazee. Kila mmoja ameuliza swali moja: mtu mwenye sufuria za kutosha Kariakoo anataka udongo wa Lubwende apikie nini?

Kuhusu tawi, ni desturi tu. Kuhusu watu wa kaskazini, hawakuwapo.

Blandina ameambiwa asibebe barua tena. Hii ni ya mwisho.

Mwl. Kasmir


Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo.
25 Machi 2025

Shikamoo Mwalimu,

Dada Blandina amekataa mara mbili kuipokea barua hii. "Kule wananiuliza kama nimeanza udalali wa ardhi," alisema. "Mimi nauza karoti!" Nilikaa chini pembeni ya magunia yake nikamsomea yote, kuanzia mstari unaofuata mpaka mwisho. Alipangusa mikono kwenye kanga akasema, "Lete."

Katika barua ya kwanza niliahidi kueleza kila kitu. Sikueleza. Alama tisa ulizokata zilikuwa halali, na zingeweza kuwa zaidi.

Baba wa baba yangu aliitwa Rogath. Alikuwa fundi seremala. Aliondoka Rombo mwaka 1967 kwenda kufanya kazi kwenye ulanga, Morogoro. Kazi yake ilikuwa kuweka nguzo za miti ndani ya mahandaki. Alimwacha bibi, anaitwa Angela, na mtoto mmoja, ndiye baba. Barua zake zilikuja mpaka mwanzoni mwa 1970, kisha zikakatika. Mdogo wake, Babu Heriel, alitumwa kumfuata. Akarudi na habari kwamba Rogath amehama na mwanamke kuelekea Ifakara. Tangu hapo jina lake halitajwi mbele ya bibi. Picha yake ya harusi imekatwa katikati kwa mkasi.

Baba naye alikuwa halitaji. Lakini Novemba iliyopita jengo lilianguka hapa Kariakoo, si mbali na kwetu. Baba alikwenda na wenzake wa dukani, wakasimama na wengine wanaosikiliza kama kuna mtu anagonga chini. Alirudi akiwa mweupe kwa vumbi, akala, halafu akasema, "Baba yangu alikuwa fundi wa kuzuia vitu visianguke." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema baba yangu.

Kazi ya shule ni ya kweli. Kuchagua Lubwende ni kwa ajili ya Babu Rogath. Tulijua tu "ulanga, Morogoro," mpaka Mzee Umakant alipolitaja jina. Nilitaka kukuandikia wazi, baba akakataa. Alisema, "Usimtaje. Watu wakijua unachotafuta watakupa unachotaka kukipata."

Sasa udongo. Mwalimu, kwetu mtu anazikwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani. Aliyefia mbali na hakuletwa, unaletwa udongo wa kaburi lake, unazikwa pale kwa sala kama anavyozikwa mtu. Baba hajui kama babu alifia huko. Ila aliwaza kwamba kama hakuna kaburi, basi udongo wa mahali alipofanya kazi utafaa, ndiyo maana akaomba uandikwe umetoka wapi. Hakujua kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya watafutaji wa madini. Mimi pia sikujua. Nilipomsomea barua yako kuhusu makopo ya maziwa alikaa juu ya katoni, akaniomba kalamu.

Bibi ana miaka themanini. Tunakwenda Rombo Pasaka. Kama kuna habari yoyote, hata mbaya, ni afadhali aisikie akiwa hai.

Baba anaandika hapa chini kwa mkono wake.

Celina

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Onesphory, mtoto wa Rogath. Sitaki ulanga wenu, sitaki mlima wenu. Ukitaka nitaandika mbele ya mwanasheria. Nataka kujua kama nilikimbiwa au nilifiwa. Nina miaka hamsini na tisa, bado sijui nijibu nini nikiulizwa.


Lubwende,
Jumapili ya Matawi,
13 Aprili 2025

Celina, na Onesphory,

Barua yenu nimekaa nayo wiki mbili. Leo nimerudi kutoka misani na ninaandika kabla sijavua viatu.

Onesphory, ulifiwa.

Mahandaki yalifungwa 1969, hilo ni kweli. Baba yako alibaki kwa amri ya kampuni ili azitoe nguzo, kwa sababu mbao zile zilikuwa nzuri na walitaka kuziuza. Mimi nilikuwa mwalimu kijana na shule yangu ilikuwa haina paa. Mvua ikinyesha tulifunga shule. Niliwaomba wanawake kumi na mmoja waingie Handaki la Tatu wachimbe ulanga tuuze, tununue mabati. Ilikuwa kosa kisheria, na nililijua. Rogath alikataa. Tulimbembeleza. Mwisho alisema, "Basi nguzo sizitoi mpaka mmalize." Akawa anaingia nao kila siku, anagonga kila nguzo kwa nyundo na kusikiliza.

Tarehe tisa Machi 1970 mti mmoja ulilia. Aliwafukuza wote nje. Mmoja alikuwa amejikwaa, binti wa miaka ishirini na nne, anaitwa Mgeni. Rogath alirudi akamsukuma mbele yake mpaka mlangoni. Yeye hakutoka. Tulichimba siku mbili, tukamzika juu ya njia, bila padri.

Tuliapa kunyamaza. Wanawake wale wangefungwa, na mimi pamoja nao. Mwezi wa saba akaja ndugu yake. Wazee walisema neno la mwalimu litaaminika, wakanisukuma mimi. Nilimwangalia Heriel machoni nikamwambia amekwenda Ifakara na mwanamke. Uongo huo niliutunga njiani nikimwendea, katika hatua zisizozidi mia moja. Mabati yaliezekwa mwezi wa tisa. Nimefundisha chini yake miaka yangu yote.

Kwa hiyo mlipouliza, niliogopa vigingi, ndiyo. Lakini niliogopa zaidi mnachokijua.

Jana nilimsomea Bibi Mgeni barua yenu. Ndiye aliyeweka tawi la kwanza. Alisema, "Umechelewa, Kasmir," akaomba fimbo yake. Amepanda mwenyewe. Udongo huu ameuchota kwa mikono yake upande wa kichwa cha kaburi, mimi sikuugusa. Utaona unang'aa. Msidhani ni mchezo, udongo wote wa hapa uko hivyo.

Siombi kusamehewa na Bibi Angela. Naomba asomewe.

Kasmir


Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo.
29 Aprili 2025

Shikamoo Mwalimu,

Jana jioni tumerudi kutoka Rombo. Nakuandikia asubuhi hii, Dada Blandina akinisubiri.

Baba alisafiri na udongo mapajani, hakukubali uwekwe kwenye buti. Jumatatu ya Pasaka, baada ya chai, tulikaa na bibi sebuleni. Baba alianza, akaacha, akanipa mimi barua. Niliisoma yote. Pale pa Babu Heriel na uongo wa Ifakara sikuruka neno.

Bibi hakulia. Aliniambia, "Soma tena pale pa Machi." Nikasoma. "Mwaka gani?" Elfu moja mia tisa na sabini. "Ameandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake?" Nikamwonyesha.

Aliingia chumbani. Tulisikia sanduku la bati likivutwa. Alirudi na mashati mawili ya mtoto, moja la bluu na moja lenye mistari, akayaweka juu ya meza kando ya mfuko wa udongo. Baba aliyajua mara moja. "Haya si yale aliyoniletea Shangazi Jacqueline?"

"Nilikwambia yametoka kwa shangazi yako," bibi alisema. "La bluu lilikuja Krismasi ya mwaka huo huo. La mistari, Krismasi iliyofuata. Mzigo wa basi kutoka Morogoro, jina la anayetuma Rogath. Hakuna barua ndani. Ndiyo maana nilimwamini Heriel. Nilisema, mwanaume huyu yuko hai, anamkumbuka mtoto, mimi hanitaki." Kisha akamgeukia baba. "Mtu aliyekufa Machi ananunua shati Desemba?"

Baba alisema kilichobaki ni ninyi kutuambia kwamba wafu wa Lubwende wanakwenda dukani. Njiani kurudi aliniambia kwamba mtu aliyeweza kumdanganya Heriel akimtazama machoni anaweza pia kuchota udongo nyuma ya choo chake.

Bibi amekataa udongo uzikwe. Alisema, "Siwezi kumlaza mtu kihambani nisiyejua ni nani. Peleka mjini kwako mpaka wajibu." Hakuutupa, hilo nataka ulijue. Alipodhani tumetoka nje nilimwona amefungua mfuko, ameingiza kidole, anakitazama dirishani kinavyong'aa. Sasa udongo uko dukani kwetu, ndani ya hotpoti mpya, rafu ya juu, na baba amebandika karatasi: HAIUZWI.

Mwalimu, nimewaza sana. Naona njia mbili tu. Ya kwanza, Babu Rogath hakufa tarehe tisa Machi, na barua yako ya Matawi ni hadithi nyingine uliyoitunga njiani. Ya pili, alikufa kama ulivyosema, na mtu wa Lubwende alitembea mpaka mjini Morogoro mara mbili, akanunua shati la mtoto asiyemjua, akaandika jina la marehemu. Kama ni hivyo, huenda alifanya ili tuamini yu hai tusije tena kuuliza. Au huenda alifanya kwa sababu alishindwa kulala. Mimi natumaini la mwisho, lakini kutumaini si ushahidi, umenifundisha wewe.

Kuna jambo moja linalonifanya nitumaini. Niliyapima yale mashati, moja juu ya jingine. La pili ni kubwa kuliko la kwanza, kwa vidole viwili mabegani na vitatu chini. Baba anasema yote mawili yalimkaa sawasawa. Aliyenunua alikumbuka kwamba Rombo kuna mtoto, na kwamba mtoto huyo amekua.

Bibi anataka jibu ifikapo Jumanne ijayo, na Dada Blandina amesema hatapanda gari kurudi huku bila karatasi yako mkononi. Usitafute maneno mazuri. Jina moja linatosha.

Mashati yale yalinunuliwa na nani?

Celina Onesphory Rogath